Maji Yaliyosomwa Kuwa Uzee

Siku baba yangu alipoondoka nyumbani, aliondoka kwa miguu yake. Nalitaja hilo kwanza kwa sababu hapa Kemorabu wapo wanaosimulia kwamba nilimfukuza, na wapo wanaosema alibebwa na gari la wagonjwa. Alitembea. Alitoka chumbani baada ya chai ya asubuhi, amevaa koti lake la mvua, viatu amefunga kamba mwenyewe, begi begani. Akapita ukumbini akiinua miguu vizuri, kisigino kwanza kisha vidole, kama mtu mwenye safari. Mwaka uliotangulia alikuwa hawezi kutoka kitandani hadi mlangoni bila kushikwa na watu wawili.

Mimi nilikuwa nimesimama langoni. Hakunipita kwa hasira. Angefanya hivyo ningejua la kujibu. Alisimama mbele ya lango akasema jina lake, Nyamhanga Kisyeri, na lango likaitambua sauti yake na kufunguka. Kisha akasubiri nisogee, kama mtu anavyosubiri ng'ombe wa jirani avuke njia. Nikasogea. Akatoka.

Mdogo wangu Magige alikuwa nyuma yangu akishika kikombe alichokunywea baba.

"Sasa umeridhika, Matinde?" aliniuliza.

Akaingia ndani. Tangu siku ile jina la baba halitajwi mezani kwetu, kwa hiyo nayaandika, nisije nikayasahau yalivyokwenda.

*

Yalianza zahanati ya kata, msimu wa usomaji. Kila mwenye miaka zaidi ya sitini na mitano husomwa kichwa mara moja kwa mwaka. Unapanga foleni na mzee wako, analazwa kwenye kitanda chembamba, kitanda kinaingia ndani ya pete kubwa nyeupe, na kabla hajavaa viatu Msomaji amekwisha kusema. Msomaji ni mashine, lakini watu wa kwetu humzungumzia kama mtu, kwa kuwa ana sauti nzuri ya kike kama ya mtangazaji wa redio, na husema majibu kwa sauti, mbele ya yeyote aliyekuleta.

Baba alikuwa amebadilika kwa muda mfupi tu. Kwanza miguu. Alitembea kama mtu ambaye nyayo zake zimegundishwa sakafuni, hatua fupifupi, akigeuka kwa kuzunguka pole pole kama anazunguka shimo. Halafu akaanza kujikojolea. Halafu maneno yakaanza kumpotea, naye hakuwa mtu wa kupotewa na maneno. Alikuwa mshika fimbo wa rika lake, rika la Nzige, waliotahiriwa mwaka nzige walipokula mashamba yote mpaka mtoni. Kwetu mtu haulizwi ana miaka mingapi, anaulizwa ni wa rika gani. Rika ndilo linalokupa kiti kwenye mkutano na sehemu yako ya nyama, na ndilo litakalokuchimbia kaburi. Mshika fimbo ndiye husema neno la mwisho, na baba alikuwa amelisema kwa miaka mingi bila kupaza sauti.

Msomaji alitangaza: "Ubongo umesinyaa kwa kiwango cha umri wa miaka themanini na mitano. Hakuna tiba inayopendekezwa. Sauti inafungwa."

Baba alicheka kidogo akiwa bado amelala pale. Sikujua anacheka nini.

Mhudumu wa mashine alikuwa mwanamke kutoka Mbeya, anaitwa Tusekile, mwenye uso usiopenda maswali. Nilimuuliza kama haiwezekani ikawa ni maji. Nilisoma mpaka kidato cha nne tu, lakini nilikuwa nimesikia kwamba maji yakijaa kichwani mwa mzee huleta mambo hayo matatu kwa pamoja: miguu, mkojo na kusahau. Na kwamba hayo yana dawa.

"Dada, mimi kazi yangu ni kulaza vichwa," alisema. "Anayesoma ni Msomaji."

"Wewe lakini una macho."

Alinitazama kama anataka kuniita mpuuzi, kisha akageuza kioo nikaona picha. Katikati ya ubongo wa baba kulikuwa na vyumba viwili vyeusi vilivyopinda kama pembe. Akasema vyumba hivyo kila mtu anavyo na vina maji. Mtu akizeeka, ubongo unasinyaa na vyumba vinapanuka kuijaza nafasi. Mwenye ugonjwa, maji yanazidi na vyumba vinausukuma ubongo kwenye mfupa. Ukitazama kwa macho, vinafanana. Msomaji hupima upana wa vyumba na upana wa fuvu, hupima pembe iliyo kati ya vyumba, hutazama kama mikunjo ya juu imebanwa, kisha hulinganisha na vichwa vya maelfu ya watu wa umri uleule.

"Baba yako yuko ukingoni," alisema. "Kwa miaka themanini na mitano, huo ni uzee. Angekuwa na miaka kumi pungufu ningekwambia mengine. Lakini hana. Mwite anayefuata."

Nikasema basi aje daktari amwone. Akanijibu kwamba daktari hana ruhusa ya kupinga. Zamani madaktari walikuwa na ruhusa hiyo, wakawa wanaiuza kwa watoto wenye haraka ya kurithi mashamba, mzee mzima anaandikwa hana akili. Ndiyo maana uamuzi ukakabidhiwa mashine na mlango ukafungwa. Msomaji harudii kusoma isipokuwa kuna jambo lililoingizwa vibaya kuhusu mtu mwenyewe.

"Na hapa hakuna kilichoingizwa vibaya," akasema Tusekile. "Jina lake, jinsia yake, umri wake. Haya, tupishe."

Tulipofika nyumbani baba aliliambia lango lifunguke. Halikufunguka. Akasema jina lake tena, polepole, akidhani halijasikia. Akalisema mara nyingine kwa ukali. Watoto wa jirani wakasimama kutazama. Mkojo ukaanza kushuka kwenye suruali yake huku akiendelea kulisema jina lake, mpaka Magige akatoka ndani mbio na kulifungua lango kwa sauti yake mwenyewe. Simu ya baba nayo ikanyamaza. Zizi likawa halimsikii, na duka vilevile. Sheria ilimwandika mtoto wa kwanza kuwa mlezi, kwa hiyo kuanzia siku ile neno langu ndilo lililohesabiwa kuwa neno lake.

*

Shangazi Wankuru, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyekuja kunisaidia kumwogesha. Ni mwanamke mwenye mdomo mchafu na mikono safi. Nilipomwambia alichosema Msomaji, aliweka kopo chini akacheka mpaka akashika ukuta.

"Themanini na mitano? Huyu? Mimi mwenyewe sijafika huko, na huyu nilimbeba mgongoni kumpeleka kukatwa."

Nikamwambia asinitanie. Akasema hanitanii. Mwaka wa nzige babu yangu alikuwa mgonjwa wa kufa, akataka amwone mwanawe wa mwisho ametahiriwa kabla hajafumba macho. Wenzake waliokwenda jando walikuwa na miaka kumi na sita. Baba alikuwa na saba. Waliompeleka walijua hairuhusiwi, na rika lote lilijua, lakini alisimama mbele ya kisu asipepese hata jicho, na vijana wale wakaona aibu kumkana mtoto aliyesimama imara kuliko wao. Wakaapa kwamba ni mwenzao. Miaka mingi baadaye, waandikishaji walipokuja na vitambulisho na kukuta hakuna anayejua alizaliwa lini, waliuliza rika. Wa rika la Nzige wote wakapewa mwaka mmoja wa kuzaliwa.

Nilikaa kwenye ukingo wa beseni. Msomaji alikuwa ameambiwa themanini na mitano. Baba alikuwa na sabini na sita.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta ana akili yake. Zilikuwepo saa kama hizo, baada ya chai. Nilimwambia yote: kwamba huenda ni maji, kwamba yanatolewa kwa mrija, kwamba anaweza kutembea tena. Nikamwambia kinachotakiwa. Umri wetu sisi uliandikwa kwa rika, na hubadilishwa kwa kiapo cha wanarika watatu mbele ya karani. Wangetakiwa kusema hadharani kwamba Nyamhanga si mwenzao.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wankuru huyo," alisema. "Mdomo wake haujawahi kukaa mahali pamoja." Kisha akasema, "Nilipelekwa mtoto, nikasimama na wanaume, sikulia. Mimi ni hicho. Ukinitoa pale, utakayempeleka hospitali ni nani?"

"Ni baba yangu."

"Hapana, Matinde. Niache hivi hivi. Nimesema hapana."

Baada ya kitambo akaniuliza kama mama amerudi sokoni. Mama tulimzika nikiwa bado msichana.

Nilimweleza Magige jioni ile, nikidhani atafurahi. Alikuwa ameinamia sahani yake, hakuinua kichwa. Akasema baba amekwisha jibu. Nikamwambia mtu aliyejibu ndiye huyo huyo aliyemuulizia mama.

"Alisema hapana kwanza," akasema Magige. "Hayo mengine yalikuja baadaye."

"Neno lake halihesabiki. Sauti yake imefungwa. Mlezi ni mimi."

Hapo ndipo aliponitazama. "Tangu lini wewe unaipenda sheria hiyo?"

Nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa la hasira tu, la kumkumbusha ni nani anayefua mashuka. Nililisema. Tangu hapo tulikuwa tunapishana humo ndani kama wapangaji.

*

Wa rika la Nzige waliobaki hai walikuwa wachache, na kila siku walikaa kwenye baraza ya mashine ya kusaga, wakitazama wanawake wanaopeleka mahindi. Mkubwa wao, baada ya baba, alikuwa mzee Machera. Wengine wawili walikuwa Range na Muhere. Nilikwenda na shangazi. Magige alikataa kuja.

Mwanamke hazungumzii jando mbele ya wanaume, na mzee Machera alionyesha hilo kwa kutonitazama kabisa. Kila nilichosema alimjibu shangazi. Nilimweleza habari ya picha na umri. Akamwambia shangazi anifahamishe kwamba wamesikia, na kwamba nirudi kwa watoto wangu. Nikasema sina watoto, ninaye baba.

"Wankuru, mwambie mtoto wa kaka yako," alisema Machera. "Anataka twende mbele ya karani tuseme tumekula nyama na mtoto miaka yote hii?"

"Nataka mseme umri wake," nikasema.

"Ni jambo lilelile. Akishatoka kwetu anakwenda wapi? Rika la umri wake haliwezi kumpokea mtu aliyekwisha katwa na wengine. Atakuwa hana kiti popote. Akifa hakuna wa kumchimbia. Anataka tumzike hai ili atembee."

Range alisema, kwa upole kidogo, kwamba Nyamhanga mwenyewe angekataa. Nikasema sauti yake imefungwa. Muhere akatema mate kando ya baraza, akasema mbona hata mbwa wa marehemu humtii marehemu.

Shangazi ndiye aliyesogea. Alikwenda akasimama karibu sana na Machera, mpaka kivuli chake kikamfunika miguu.

"Mwaka ule wa nzige," alisema, "mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa zizi. Wasichana tulikatazwa, nami nikaenda. Nilisikia mtu akilia, Machera. Hakuwa kaka yangu."

Mashine ya kusaga ilikuwa inaunguruma ndani. Kwetu, mwanamume aliyelia siku ile hasemwi, lakini akisemwa, hata wajukuu wake husemwa naye. Range na Muhere walitazama upande wa barabara. Nadhani walikuwa wanajua tangu zamani, na walikuwa wameapa kuhusu hilo pia.

Machera alipozungumza nami alinitazama usoni kwa mara ya kwanza, na sijawahi kutazamwa kwa chuki namna ile.

"Tutaapa," alisema. "Lakini hatuapi nusu. Tutamtoa kama mtu anavyotolewa. Tutakuja kuchukua fimbo na kigoda, mchana, watu wakiona. Wewe ndiye utakayetufungulia lango. Unakubali?"

Ningeweza kusema nikamuulize baba. Nilikuwa nimekwisha muuliza.

"Nakubali," nikasema.

*

Walikuja siku ya gulio, barabara ikiwa imejaa watu. Niliwafungulia lango kwa sauti yangu. Baba alikuwa amekaa kibarazani na shuka magotini, na alipowaona alifurahi. Aliwasalimu mmoja mmoja kwa majina yao ya jando, akanituma niwaletee viti. Alidhani wamekuja kumjulia hali.

Machera alisema maneno yanayotakiwa. Yalikuwa mafupi. Baba alisikiliza huku akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza kesi ya mwingine. Range aliposhika fimbo, baba aliiachia kwa adabu, akidhani rafiki anataka kuitazama. Kigoda alikuwa amekikalia. Akajaribu kujiinua ili wakichukue, akashindwa, akaniita nimsaidie. Nikamshika kwapani nikamwinua. Muhere akakitoa chini yake.

Watu waliokuwa barabarani hawakuzomea. Walianza kutawanyika, na mwanamke mmoja ambaye hununua maziwa kwetu akaligeuza gudulia lake na kuondoka nalo tupu.

"Wamekwenda wapi?" baba aliniuliza.

"Wamerudi kwao."

"Hawakunywa chai."

*

Nilidhani atalazwa tena ndani ya ile pete. Tusekile alisema hakuna haja. Aliitoa picha ileile ya kwanza, akafuta mwaka wa zamani, akaingiza mwaka mpya ulioapiwa na wale watatu, akabonyeza. Sikuwahi kuona kitu kikibadilika haraka namna hiyo.

"Maji yamezidi katika vyumba vya ubongo," Msomaji alisema kwa sauti yake ileile nzuri. "Tiba inapendekezwa. Sauti inabaki imefungwa mpaka atibiwe."

Vyumba vilikuwa vilevile, na kila mstari pale kwenye kioo ulikuwa mahali pake. Tusekile alikuwa bado ameweka kidole kwenye kitufe. Nikamuuliza, kama picha ni ileile, mwanzoni mashine ilisoma nini.

"Ilisoma mlichoiambia," alisema. Halafu, bila kunitazama, akasema kwamba siku ile ya kwanza, alipomwona baba anavyogeuka kushuka kitandani, alijua ni maji.

Nilimwambia ningependa kumpiga kofi. Akasema wengi wamekwisha mwambia hivyo, nipange foleni.

Kwanza walimjaribu. Walimchoma sindano mgongoni, chini kiunoni, wakatoa maji kidogo, meupe kama ya kisima. Kesho yake akatembea kutoka mwanzo wa ukumbi wa wodi hadi dirishani, akageuka mara moja tu, akarudi. Wagonjwa wengine walipiga makofi. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Baadaye walimpasua. Waliingiza mrija kutoka kwenye chumba cha maji kichwani, ukapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni, kifuani, mpaka tumboni, ambako maji yanamwagika na mwili unayanyonya. Nyuma ya sikio wakaweka vali ndogo kama kifungo cha shati, inayoamua maji yapite kiasi gani. Vali hiyo hurekebishwa kila mwaka kwa sumaku, bila kupasua. Isiporekebishwa hulegea au huziba, na maji hurudi.

Akili yake ilirudi vipande vipande. Kwanza majina, halafu hesabu ya ng'ombe, halafu mizaha. Siku moja alimtania Tusekile kwamba mashine yake imempunguzia miaka, je, haiwezi kumpunguzia na binti mkaidi. Nilicheka. Nilidhani hayo ndiyo yote. Sauti yake ikafunguliwa, tukarudi nyumbani, akaliambia lango jina lake, nalo likatii. Magige alimkumbatia mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu tugombane alinitazama kama ndugu.

Jioni ile baba alitafuta fimbo yake. Alitazama nyuma ya mlango ilipokuwa ikisimama, akatazama kibarazani, akauliza na kigoda kiko wapi. Magige akaondoka chumbani. Mimi ndiye niliyemwambia. Nilimwambia yote, hata habari ya kumwinua kwapani.

Hakukasirika kama nilivyotarajia. Aliuliza maswali machache, kwa utulivu wa mtu anayesikiliza kesi: nani walikuwepo, nani alisema, ilikuwa siku ya gulio au siku nyingine. Kisha akapapasa ile vali nyuma ya sikio.

"Mimi nilikwambia hapana," alisema.

"Ulikuwa mgonjwa, baba."

"Mashine ilisema sina akili. Ukabisha. Ulibisha zahanati, ukabisha kwa Machera, ukasema mashine imekosea, baba yangu yumo humu ndani. Kweli?"

"Kweli."

"Nami nilikuwa humu ndani. Nikakwambia hapana. Siku hiyo moja tu ndiyo uliyoiamini mashine."

Nilimwambia kwamba asingekuwa anatembea. Nilimwambia asingekuwa anaongea nami hivi. Akakubali kwamba ni kweli, asingekuwa. Nikamuuliza kama angependa kubaki vile, analowa, anamuulizia mama. Akasema hilo lilikuwa lake la kuchagua, na kwamba alilichagua. Nikasema, na bado nasema, kwamba kama ningerudishwa siku ile kwenye baraza ya mashine ya kusaga, ningekubali tena. Sikuweza kumkalisha pale anaoza wakati dawa ipo.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana siwezi kukaa nyumba moja na wewe."

Alijaribu kwanza kukaa kijijini. Alikwenda mkutanoni, wazee wakaacha kuzungumza mpaka alipoondoka. Alikwenda kwenye msiba wa jirani, wakati wa kugawa nyama kisu kikamruka, si kwa ukali, kama anavyorukwa mgeni ambaye hakuna anayejua amemfuata nani. Alimwamkia Machera barabarani, Machera akaitikia kwa maneno anayoitikiwa kijana. Baba yangu, mwenye mvi, aliyesema neno la mwisho kwa miaka ile yote. Siku ya pili yake akafunga viatu.

*

Anaishi kwenye shamba la vioo vya umeme wa jua, upande wa pili wa mlima, ambako wafanyakazi wametoka kila mahali na hakuna anayemuuliza mwenzake rika. Anaosha vioo. Magige humtembelea, hurudi akiwa na mazungumzo yake ambayo hanigawii. Mimi nilikwenda mara moja. Alitoka mpaka kwenye uzio, akanisalimu, akauliza hali ya shangazi yangu, akarudi kazini. Shangazi naye hazungumzwi vizuri kijijini siku hizi, lakini yeye husema hajawahi kuzungumzwa vizuri.

Mwaka wa kwanza wa kurekebisha vali alikwenda. Mwaka huu hakwenda. Tusekile alinipigia kuniambia, ingawa haruhusiwi. Nilituma ujumbe kwa baba, haukujibiwa. Nikamwomba Magige amshawishi. Magige akaniambia amekwisha zungumza naye, na kwamba baba anajua vizuri kitakachotokea, ameelezwa na daktari, ameelewa, amesema hapana. Akaniambia kwamba miguu imeanza kukokota.

Nilikwenda kwa karani wa kata kuuliza kama mlezi anaweza kumpeleka. Karani akaita jina la baba kwenye mashine yake, akasoma, akaniambia mimi si mlezi tena. Baba alimweka Magige mara tu sauti yake ilipofunguliwa, kabla hata hajaondoka nyumbani. Nilimuuliza Magige jikoni kama ni kweli. Akasema ndiyo. Nikamuuliza atafanya nini siku ikifika. Alikuwa anaosha sufuria, akaendelea kuosha.

"Nitasema anavyosema yeye," alinijibu.

Wiki ijayo, siku ya Alhamisi, ni zamu ya shamba la vioo kusomwa. Msomaji atasema maji, na sauti ya baba itafungwa. Watamuuliza mlezi wake kama atibiwe. Mlezi wake ni Magige, naye atajibu hapana.